Namna ya Kulizunguka Ziwa kwa Mchana Mmoja

Tuelewane mapema, ndugu yangu. Mwambao wa Ziwa Victoria una zaidi ya kilomita 3,000. Hata ukianzia Musoma na kukaza mwendo wa kilomita 30 kila siku, utapita Bunda, Mwanza, Geita, Bukoba, Uganda na Kisumu, na utakapokuja kutokea Rorya miezi mitatu na ushee itakuwa imekwisha. Wewe una mchana mmoja, na jioni unataka kusema umelizunguka. Inawezekana. Nifuate.

1. Chagua wa kumwiga. Henry Stanley alilizunguka ziwa hili mwaka 1875 akiwa ameketi kwenye mashua yake, Lady Alice, wenzake wakipiga makasia. Sifa akachukua yeye. John Speke alitumia nguvu ndogo zaidi: mwaka 1858 alifika upande wa Mwanza, akaona kona ya kusini tu, akatangaza kwamba hapa ndipo Nile inapoanzia. Walimbishia miaka mingi, naye alikuwa amepatia. Leo ghuba iliyo upande wa Bunda inaitwa kwa jina lake. Wewe una kona nzuri kuliko ile, kwa sababu Musoma imekaa kwenye rasi: maji kushoto, maji kulia, maji mbele.

2. Toka saa kumi. Kabla ya hapo jua litakuaibisha. Panda bodaboda hadi karibu na ncha ya rasi, shuka kabla hujafika kwenye watu, kisha tembea taratibu kurudi mjini. Mchana upepo hutoka ziwani, kwa hiyo utakusukuma mgongoni, na kila utakayepishana naye atakukuta unatembea. Dereva mlipe vizuri na umuage kwa heshima. Ndiye shahidi pekee.

3. Jifunze kuchoka kwa adabu. Njiani kuna majabali makubwa yaliyopandana mpaka majini. Kaa. Mtu aliyekaa akitazama viatu vyake amechoka. Aliyekaa akitazama juu anaangalia ndege, na hakuna atakayemuuliza kitu. Majina matatu yanakutosha. Mnandi ni yule mweusi anayesimama juu ya jiwe ametanua mabawa yakauke. Furukombe ana kichwa cheupe, na anapolia hukitupa nyuma. Mdiria mwenye madoa meusi na meupe husimama hewani akipiga mabawa, halafu hujitupa majini kichwa mbele na kuibuka na dagaa. Mngojee huyo. Hukosa mara nyingi, hurudi juu, hujaribu tena, na ukimtazama kwa makini utasahau kwamba ulikaa kwa sababu ya magoti. Mimi nasema saa moja juu ya jabali moja inazidi majabali kumi uliyoyapita mbio.

4. Ukifika Mwigobero, kwa wavuvi wa mjini, ingia kama mwenyeji. Wazee uwape shikamoo, wengine uwaambie poleni na kazi, kisha uliza swali moja tu: "Mbalamwezi imekwisha?" Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa, taa haiwavuti, na wavuvi wengi hubaki nchi kavu wakishona nyavu. Ukiuliza hilo, utavutiwa kigoda. Lakini dagaa walioanikwa wasikanyagwe hata kwa bahati mbaya. Ile ni ada ya shule ya mtoto wa mtu, na pale sikupi ujanja wowote.

Ukiwa na muda, uliza saa za kivuko cha Kinesi. Kwa barabara, kwenda ng'ambo ni kuzunguka mpaka daraja la Kirumi, juu ya Mto Mara, mto uleule unaotoka Kenya na kupita Serengeti kabla ya kuja kuishia hapa. Kwa kivuko unaikata ghuba umeketi. Stanley angekupongeza. Hakikisha tu kwamba kuna chombo cha kukurudisha.

5. Picha. Najua unataka ile ya kusimama ndani ya maji hadi magotini. Usiingie. Kwenye maji yaliyotulia penye majani kuna konokono wanaobeba kichocho, na sehemu nyingine kuna mamba na viboko, ambao hawabishi hodi. Panda jiwe lililo karibu na maji, mpiga picha achuchumae, nchi kavu ikae nyuma yake. Utaonekana umezungukwa na ziwa pande zote, miguu yako ikiwa mikavu na damu yako salama.

6. Nunua sato mkubwa kwa bei ya haki. Ndiye atakayekutolea ushahidi nyumbani, na watu wenye sato mdomoni hawaulizi maswali. Wakiuliza, sema: "Nimetoka ziwani." Kilomita usizitaje, hasa mbele ya wazee. Shule ya Mwisenge ipo hapahapa Musoma, na Nyerere alikuja kuanza shule pale mwaka 1934 akitokea Butiama, akiwa na miaka 12, zama ambazo bodaboda haikuwepo. Mwendo wako hautoshi kulinganishwa na huo.

Basi vaa viatu. Jua la Musoma huzama ziwani kabla kidogo ya saa moja. Likikaribia maji, uwe umeshakaa.