Sifa za Foleni

Wengine wamewasifu wafalme, wengine wachumba. Mimi naisifu foleni ya Dar es Salaam, ambayo nimekaa nayo saa nyingi kuliko nilizokaa na watoto wangu.

Sifa zake ndogo nizipitie haraka, maana yenyewe haina haraka. Inafundisha subira bila ada. Inakuletea duka dirishani: asubuhi moja pale Ubungo nilinunua karanga, chaja, taulo na ramani ya dunia bila kuinuka kitini.

Lakini sifa yake kuu ni ukarimu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga, nami sijaona mwenyeji aliyepona mara nyingi kama huyu. Mwaka 1983 daladala ziliporuhusiwa kuja kutuondolea adha, foleni ilizipa kituo popote abiria alipoinua mkono. Zikaja bajaji, tukaambiwa hizi zitapenya. Kweli zilipenya, hadi mbele kabisa, zikakwama hapo zikiwa zimekaa upande. Bodaboda nazo zikapata makazi kati ya kioo changu cha pembeni na cha jirani. Oktoba 2012 ikaja treni ya mjini, tukaiita ya Mwakyembe, waziri wa wakati ule. Foleni ikasimama kwa adabu kwenye makutano ya reli ikiisubiri ipite. Mei 2016 yakaja mabasi ya mwendokasi na njia yao wenyewe, nayo njia hiyo ikawa ya dharura kwa kila mwenye dharura ya kuchelewa kazini. Mwisho, kama mzee aliyekumbukwa na wanawe, foleni ikajengewa ghorofa: TAZARA mwaka 2018, Ubungo mwaka 2021.

Daladala zisilaumiwe. Coaster moja hula nafasi ya magari madogo mawili hivi, ikabeba watu thelathini na konda akining'inia mlangoni. Magari hayo mawili yana watu wawili. Mmoja wao ni mimi. Niliacha daladala siku niliyopitwa na tano zilizojaa pomoni, mvua ikininyeshea.

Na hapa naomba niache kusifu kidogo. Juzi taa iliwaka kijani mara saba, na askari kanyoosha mkono tusipite. Saba, nilihesabu! Nyuma yangu gari la wagonjwa lilikuwa linalia, halina pa kutokea. Baada ya dakika arobaini ukapita msafara: ving'ora, mashangingi kumi na moja, vioo vyeusi tii. Sijui nani alikuwamo. Ila najua kwamba mtu anayesafiri hivyo kila siku huuona mji huu ukiwa mweupe, barabara tupu, mataa ni pambo tu. Ukimwambia foleni, atakuuliza ipi.

Mtu wa namna hiyo akikaa mezani kupanga usafiri wetu, ataagiza mgeni mwingine, wa bei kubwa kuliko wa jana. Hatauliza kama wageni waliopo wanajuana. Hawajuani. Kila mmoja ana kituo chake na nauli yake. Ukishuka kwenye usafiri huu, unautafuta ule kwa miguu juani, na ukichoka unanunua gari. Mimi nilinunua.

Kesho nina kikao Posta saa mbili asubuhi. Nitatoka Mbezi saa kumi na moja kasorobo.