Kaa wa Mtongwe na Mzee Mchu

Asubuhi ya tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa imejaa watu waliokuwa wakivuka kwenda kisiwani kutafuta riziki. Watu 272 walikufa. Matopeni, chini ya mikoko ya ufuo ule, waliishi kaa, nao walisikia kila kitu.

Maji yalipotulia, Kunguru akaita mkutano. "Jamani, yaliyopita si ndwele. Kuanzia leo hakuna kulia wala kusimulia. Jikazeni!"

Kaa wakashukuru. Amri yenyewe haikuwa ngeni kwao: tangu jadi, maji yakijaa, kila kaa huingia shimoni, akaziba mlango kwa tope, akangoja. Ila zamani, maji yakipwa, walizibua wakatoka kula. Sasa waliziba kupwa na kujaa, bamvua na maji mafu.

Hodari kuliko wote alikuwa Bi Kaa. "Mwoneni," majirani walimsifu, "hata chozi!" Naye usingizi ulishamhama. Kila honi ya feri ilipolia, aliongeza tope mlangoni, hata shimo likawa dogo asiweze kugeuka ndani yake.

Siku pumzi ilipomwishia, alitoboa tope akatokea shinani mwa mkoko mmoja, Mzee Mchu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umekonda hivyo?"

"Naukimbia uchungu, babu."

Mchu akainamisha tawi. "Hebu lamba jani langu."

Akalamba. Chumvi tupu.

"Nimesimama katika maji haya maisha yangu yote," Mchu akasema. "Chumvi huingia kwa mizizi, ikapanda, nami huitoa majanini kidogo kidogo. Ningeifungia ndani ningekauka."

"Itakwisha lini?"

"Haiishi, mwanangu. Kesho maji yatajaa, nitaitoa tena. Na hii mizizi unayoiona imechomoza matopeni ndiyo ninayovutia pumzi. Nawe toka nje, uvute yako."

Bi Kaa akalia palepale, kwa sauti, mpaka majirani wakachungulia. Walikuwa wakiamini kwamba atakayeanza kulia hataweza kunyamaza. Alilia sana, akanyamaza, akahisi njaa. Akala, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Nasi wanadamu, huku kwetu Likoni, jirani na Mtongwe, tunajua kuomboleza. Matanga yakiwekwa, mikeka hutandikwa, sufuria hupanda jikoni, na mfiwa haachwi peke yake. Nawapenda watu wetu kwa hilo. Kinachoniuma ni lile "jikaze" linalofuata matanga yakishaanuliwa, wakati mfiwa amebaki na ukuta na kitanda, na ndipo anapohitaji hasa mtu wa kumwuliza, "Leo umeamkaje?"

Basi kaa wakazibua, mmoja leo, mwingine kesho. Kila maji yalipopwa walikutana chini ya Mchu, kila mmoja akasimulia alichosikia. Wengine walirudia kisa kilekile mara nyingi, wakasikilizwa. Honi ya feri iliendelea kulia. Walishtuka, wakatazamana, wakaendelea kula.

Kunguru alikasirika. Alizunguka juu yao akipiga kelele kwamba wanachokonoa kidonda. Kisha siku moja akatua, mbawa zikimtetemeka.

"Nyinyi mlisikia tu," akasema. "Mimi nilikuwa juu ya feri ile. Niliona nyuso zao."

Bi Kaa akasogea kumpisha. "Karibu, kaka. Anzia popote unapoweza."