Upepo wa Kununua

Wa kulaumiwa ni shemeji yangu wa Bwera. Huyu bwana anauza vitenge na simenti soko la Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, na Wakongo wanaovuka kutoka Kasindi wamemjengea nyumba mpya kwa kitenge kimoja kimoja. Sebuleni akafunga kiyoyozi. Mke wangu akaenda kuamkia nyumba, akarudi Kasese na mafua. Mafua, mwezi wa Februari! Na alipiga chafya kwa maringo, kama mtu aliyeshuka kwenye ndege.

"Baba Masika," akaniambia, "kwa kaka wanajifunika blanketi mchana."

Sisi hapa Kasese mchana tunajifunika jasho. Ikweta iko jirani tu, ukipita Kikorongo utawakuta wazungu wanapiga picha nayo. Na kinachoniudhi zaidi ni huu mlima wetu wa Rwenzori. Huko juu, kwenye kilele cha Margherita, mita 5,109, kuna barafu ya bure isiyo na mwenyewe. Watu wanatoka Ulaya na dola zao kuifuata. Mimi niliyezaliwa miguuni pake naamka usiku kugeuza godoro upande usioloa.

Basi nikampigia shemeji. Akacheka kitajiri. "Shemeji, usiweke cha chumba kimoja, watoto watagombania chumba. Weka cha nyumba nzima, mashine moja, hewa inagawanywa kwa mabomba." Akaniletea na fundi wake, kijana wa ng'ambo ya mto Lubiriha, mpole, mwenye futi ya chuma na daftari.

Nyumba yangu ni ya enzi za shaba ya Kilembe, wakati reli ilipofika hapa mwaka 1956 na mji ukaanza kuota kando ya stesheni. Mabati juu, dari ya mbao laini, madirisha ya luva, na juu ya kila dirisha matundu ya hewa. Fundi alizunguka akihesabu matundu hayo kwa sura ya daktari anayehesabu vidonda.

"Papa, hii nyumba iko na matundu mingi. Baridi itatorokaka yote."

Kwa hiyo kwanza tuzibe matundu. Halafu tung'oe luva, tuweke vioo visivyopitisha hewa. Nikamuuliza, aliyejenga aliyatoboa ya nini? Akasema ya kuingiza upepo. Yaani nitalipa fundi azuie upepo usioniomba hata senti, kisha nilipe tena aniletee mwingine ndani ya bomba. Nikamwomba arudie taratibu, huenda sikuelewa. Akarudia. Nilikuwa nimeelewa.

Hayo mabomba nayo lazima yapite juu ya dari, na juu ya dari, chini ya mabati ya Kasese, adhuhuri unaweza kukausha muhogo. Kwa hiyo yavikwe blanketi. Bomba langu litavaa blanketi ili mimi nijifunike blanketi. Waya za umeme za zamani hazitabeba mzigo, zing'olewe zote. Stebilaiza inunuliwe, maana umeme ukiyumba mashine inakufa.

Akapanda kuchungulia dari. Mimi nilimwonya kuhusu popo. Wamekaa humo tangu kabla sijaoa, tunaheshimiana. Alisukuma ubao mmoja tu. Waliotoka sikuwahesabu, lakini mama mkwe, aliyekuwa anasonga obundu, ugali wetu, jikoni, alitoka mbio na mwiko mkononi akitaja majina ya marehemu wote wa ukoo. Kwenye daftari kukaongezeka mstari: kuhamisha popo.

Jumla, shilingi milioni 26. Ng'ombe wangu wote hawafiki hapo, hata nikimuuza dume mara mbili. Na hapo hatujaiwasha. Mashine ya ukubwa huo hula kama yuniti tatu na nusu kwa saa; yuniti moja inapita shilingi 700; kwa saa nane za usingizi ni karibu elfu 20. Kila usiku! Kwa bei hiyo heri niwe nalala macho wazi, angalau niione baridi niliyoinunua.

Nimesikia kwamba Mmarekani aliyetengeneza mtambo wa kwanza wa aina hii, Willis Carrier, mwaka 1902, hakuwa anawahurumia watu hata kidogo. Alikuwa anahudumia kiwanda cha uchapaji kule Brooklyn, ambako karatasi zilivimba kwa unyevu na rangi zikakosana. Ulikuwa mtambo wa karatasi. Nami nikamweleza mke wangu kwamba sisi si karatasi. Alinitazama, akapiga chafya, akaingia ndani.

Nilirudi uani kumuaga fundi. Sikumkuta alipokuwa. Jua la saa nane lilikuwa limemshinda. Alikuwa ameomba mkeka kwa mama mkwe, akautandika chini ya mwembe wangu, kiatu kimoja mguuni na daftari usoni. Upepo wa jioni ulianza kuteremka kutoka milimani, ukawa unafunua kurasa zenye hesabu yangu moja baada ya nyingine, naye anakoroma. Aliamka saa kumi na mbili, akajinyoosha, akasifu mwembe, kisha akaniandikia ankara ya ukaguzi: shilingi elfu 80, kazi ya siku nzima.