Yaya wa Saa

Saa ya otomatiki ilibuniwa ili mwenyewe asihangaike kuitia ufunguo. Mwingereza John Harwood alipewa hataza ya saa ya mkononi ya aina hiyo huko Uswisi mwaka 1924: ndani mna kipande cha chuma kinachocheza mkono unapotikisika, nacho hukaza springi. Kutembea tu kunatosha.

Waheshimiwa wetu hawatembei. Tena wana saa sita na mkono mmoja wa kuzivalia, kwa hiyo zilizobaki hununuliwa kijisanduku chenye mota cha kuzipembeza usiku kucha, kama yaya na mtoto wa kudeka. Umeme ukikatika, saa zinalala njaa.

Kijisanduku chenyewe hakirekebishi majira, huiendesha saa tu. Hata yenye cheti cha usahihi cha COSC, wapimaji rasmi wa saa wa Uswisi, huruhusiwa kukimbia hadi wastani wa sekunde 6 kwa siku. Iache humo mwezi mzima, unaweza kuikuta imetangulia hata dakika 3, kwa umeme wako. Iliyosimama kabatini ungeitia ufunguo na kuilinganisha na simu kabla chai haijapoa. (Mwenye saa ya kalenda inayojua hadi mwaka mrefu tumsamehe, kuipanga upya ni kibarua.) Saa ya plastiki ya Casio F-91W hukosea hadi kama sekunde 30 kwa mwezi, na haijawahi kuomba yaya.

Basi bwana mkubwa, kikao ni saa nne. Fika saa nne.