Bado Kuunga Tu

Wakati wa kipupwe, Njombe husemwa uongo wa aina nyingi. Kondakta husema basi linaondoka sasa hivi. Mnunuzi wa viazi husema gunia lake si lumbesa. Na fundi wa kufuma, kwa uso mkavu kabisa, husema: "Sweta lako limekwisha, bado kuunga tu."

Asiyefuma akisikia hivyo huenda nyumbani akakaa mlangoni kusubiri. Masikini. Hajui kwamba sweta la sindano mbili huzaliwa vipande vipande: mgongo, kifua, mkono, mkono. Kila kipande kina mikia ya uzi inayoning'inia kila mahali donge lilipoishia, na kila mkia sharti uchomekwe ndani ya vitanzi kwa sindano butu, mmoja mmoja, hadi usionekane. Ukifuma mistari ya rangi nne, kama wanavyopenda wajomba wa watoto wangu, utapata mikia ya kutosha kutengeneza mnyama.

Vipande vyenyewe navyo havina adabu. Kitambaa cha kufuma wazi, kile chenye upande laini na upande wa matuta, hujikunja. Juu na chini hujikunja kuja mbele, pembeni hujikunja kwenda nyuma. Ukikilaza mezani kinajiviringisha kama jani la mgomba lililokauka. Dawa yake ni kukilowanisha, kukinyoosha juu ya taulo, kukibana kwa pini na kusubiri kikauke. Kikauke wapi? Tuko Njombe, mwezi wa saba, ukungu umeingia hadi jikoni na soksi ya mtoto inalala kambani mpaka tunasahau ni ya nani. Na usithubutu kuharakisha mambo kwa pasi ya mkaa. Uzi wa akriliki ukipata moto mkali hulegea, hulala, na haurudi tena ulivyokuwa. Utapata sweta linalomwagika mabegani mwa mtu kama linaomba msamaha.

Halafu ndiyo uje kwenye mikono. Juu ya mkono kuna kilima, ubavuni mwa sweta kuna shimo, na aliyebuni jambo hili alihakikisha kilima na shimo havilingani. Unavuta hapa, unabana pale, unashona, unageuza, unakuta kwapa limepanda hadi karibu na sikio. Shingo bado. Vifungo bado, na vifungo ulivyonavyo ni vitano, viwili vya bluu.

Lakini mimi silalamikii kazi. Nalalamikia mahali pa kuifanyia. Kufuma hakuna makuu. Unafuma kwenye kikao cha vikoba mweka hazina akihesabu fedha na kuzirudia, unafuma kwenye foleni ya kliniki, unafuma ndani ya basi la Makambako ukiwa umebanwa na mtu mwenye jogoo. Hata msibani, kule nyuma kwenye mafiga, wazee wanakutupia jicho lakini hawasemi kitu, maana nao wana wajukuu wanaosikia baridi. Vidole vinakwenda, masikio yanasikiliza, mdomo unajibu "kamwene" kwa kila anayepita.

Kuunga kunadai meza. Kunadai mwanga wa mchana. Kunadai nusu saa isiyo na mtu anayeita "mama". Meza yetu ina chupa ya chai, madaftari, chaja ambayo haijulikani ni ya simu gani, na beseni la mahindi yanayosubiri kupukuchuliwa. Mwanga wa mchana upo, tena mzuri, saa zilezile ninazokuwa shambani. Usiku ukiketi na sweta jeusi la uzi mweusi, umeme unakatika. Nimewaona wanawake wakiunga kwa tochi ya simu. Asubuhi yake mkono wa kushoto unakuwa umeshonwa ndani nje, na mwenye sweta anaambiwa ndiyo mtindo.

Ndiyo maana chini ya kitanda chetu pana mfuko wa salfeti ambao mume wangu, Baba Neema, anauita makaburi. Mle kuna migongo isiyo na vifua. Kuna mkono mmoja wa kijivu, mzuri kweli, mwenziwe hajazaliwa. Kuna kisweta cha mtoto wa mpwa wangu: kilipoagizwa mwenyewe alikuwa tumboni, sasa anakimbiza kuku.

Kupanga kazi mpya, kwa upande mwingine, kunaingia popote. Naosha vyombo huku nachagua rangi. Kanisani, matangazo yakifika kwenye ripoti ya ujenzi wa choo, nimeshafuma kichwani shali zima lenye mapindo. Sweta la kichwani halina mikia, halijikunji, na kwapa lake linakaa penyewe. Mtu anayeniuliza kwa nini naanza jipya kabla ya kumaliza la zamani ananishangaza. Ajiulize yeye kwa nini watu hupenda kuhudhuria harusi kuliko kuhudhuria vikao vya kuvunja kamati.

Basi wageni nao wananiongezea kazi. Wifi akija haketi kabla hajashika kitu nilichofuma na kukipima kifuani kwake.

"Wifi, na mimi nifumie kama hili."

"Uzi utaleta?"

"Uzi? Si unao mwingi mle kwenye salfeti?"

Nikitaja bei, anacheka kwa upole, kama mtu anayemcheka mtoto aliyekosea hesabu, kisha ananikumbusha kwamba sokoni sweta la mtumba ni elfu tatu na limekwisha mikono yake yote miwili. Hoja hii ya haraka dhidi ya sindano za mkono si ya leo. Mwaka 1589 Mwingereza mmoja, William Lee, alibuni mashine ya kufuma soksi. Inasimuliwa kwamba alikereka na mwanamke aliyempenda, kwa sababu bibi huyo hakuwa akiinua macho kutoka kwenye sindano zake. Mimi masimulizi hayo nayaamini bila kuomba ushahidi. Namwona Baba Neema akifanya vivyo hivyo, kama angekuwa na muda na vyuma.

Wifi hajui, na sitamwambia, kwamba sokoni kwenye mitumba naenda sana. Sweta la sufu safi la mzee mnene wa Ulaya ni hazina. Uzi wa sufu dukani ni wa kutafuta kwa tochi. Mle kwenye marobota umelala bure ukiwa umevaa umbo la sweta. Nalichukua, naligeuza ndani nje, nakagua mishono ya ubavuni. Kijana muuzaji huanza kukosa raha. "Mama, unanunua au unafanya upelelezi?" Nanyamaza. Kama vipande vimefumwa kila kimoja kwa umbo lake na kuungwa kwa uzi, mshono ukifunguka uzi unatoka mrefu, safu hadi safu, hadi donge linajaa mkononi. Kama vimekatwa kwa mkasi na kupigwa ovaloki, umenunua takataka: kila safu imekatwa pembeni, na ukivuta unapata vipande vya uzi vya urefu wa mkono, vya kufungia mchicha.

Nyumbani nafumua. Watoto wanapenda sana siku hiyo. Mmoja anavuta, mwingine anazungusha donge. Uzi unatoka umejikunjakunja kama nywele zilizofumuliwa mabutu, unaufunga mafungu, unauosha, unautundika na kitu kizito chini unyooke. Baba Neema hutazama yote haya akiwa na kikombe mkononi.

"Mama Neema, hebu nieleweshe. Umenunua sweta lililokwisha."

"Ndiyo."

"Ili upate sweta ambalo halijakwisha."

Hapo huwa namtuma akalete kuni.

Kero za watu nimezizoea. Za vitu ndizo zinanichosha. Muuza nyuzi anakuapia kwamba donge hili na lile ni rangi moja. Karatasi zake zina namba tofauti za upakaji rangi, naye anasema namba ni za kiwandani, hazihusu. Ukifika kifuani mstari unajitokeza, juu zambarau, chini zambarau iliyolia. Na hizi namba za sindano! Za zamani za Kiingereza, namba ikipanda sindano inakonda. Za Kimarekani, namba ikipanda inanenepa. Namba 8 ya Mwingereza ina milimita 4, ya Mmarekani ina 5, na mchoro unaotumiwa na binamu kutoka ughaibuni hausemi ni namba 8 ya nani. Na Wamarekani ndio watu waliofika mwezini.

Mwaka huu kipupwe kimekuja na meno, na Baba Neema, yule wa makaburi, ameanza kukohoa kwa namna ya kuomba. Jioni moja akasema, akiangalia pembeni, kwamba hata yeye ni binadamu na angependa sweta. Jekundu. Nikamwambia apange foleni nyuma ya wifi, nyuma ya mtoto anayekimbiza kuku, na kwamba kama ana haraka alete uzi mwenyewe, wa sufu, wa kutosha sweta zima.

Akaenda sokoni, akarudi ametabasamu hadi magego. Amesikiliza miaka yote hii, kumbe! Ameleta sweta la mtumba, jekundu, la sufu, kubwa la kuweza kumvika yeye na kaka yake kwa pamoja. Nikaligeuza ndani nje.

Ovaloki. Ubavuni, mabegani, kwapani, kote.

Sasa analivaa hivyohivyo. Nililipunguza mikono tu. Na kila anayemsifia njiani anaambiwa, "Limefumwa na mke wangu." Wameshakuja wawili kuuliza bei.