Mfadhili wa Lami

Watu wema husifiwa wakishakufa. Sprinkla ya nyumbani kwangu haifi, na nimejaribu. Basi naona niitolee sifa zake ingali hai.

Ninaishi Dallas, Texas. Nyumba niliyoinunua miaka sita iliyopita ilikuja na mabomba yaliyozikwa chini ya majani, kanda sita, vichwa thelathini na kitu, na kisanduku chenye saa kilichogongomelewa ukutani gerejini. Aliyeniuzia aliniambia, kwa sauti ya mzazi anayeoza binti, kwamba mfumo huu unajiendesha wenyewe. Hakunidanganya. Haujawahi kunishirikisha katika jambo lolote.

Sifa yake ya kwanza ni unyenyekevu. Mchana kutwa imejificha ardhini, unaipita juu hujui, mpaka mashine ya kukatia majani iikate kichwa. Hailalamiki. Sifa ya pili ni elimu. Kabla yake sikujua kwamba solenoidi ni koili ndogo ya umeme wa volti 24 inayofungua valvu. Leo naitambua gizani kwa kupapasa, na aghalabu huwa niko gizani. Sifa ya tatu ni kudamka. Saa kumi alfajiri iko macho, jogoo wa Texas bado wanakoroma.

Lakini hizo ni sifa za rejareja. Sifa yake ya jumla ni ukarimu.

Sisi binadamu tunapotoa, tunatazama uso wa anayepokea. Sprinkla haitazami. Upande wa barabarani ina vichwa vitano, na vinne kati ya hivyo humwagilia lami. Nimeishi na lami ile miaka sita, sijaiona ikichipua, lakini mfadhili wake hajakata tamaa. Kisanduku cha barua nacho hupata fungu lake, hivyo bili zangu hunifikia zimekwisha kuoshwa. Gari la jirani huoshwa ubavu wa kushoto tu, likikauka linabaki na madoa meupe kama lina ukoma. Mbwa wa mtaa wamepewa. Mleta vifurushi amepewa, tena usoni. Hata mvua haikosi kitu: ikinyesha, sprinkla huinuka kama kawaida na kuongezea, kana kwamba inaliambia wingu, “Pokea na hili.” Tangu 2009 sheria za Texas zinataka kila mfumo mpya ufungwe kifaa cha kuuzima mvua inaponyesha. Wangu una umri mkubwa kuliko sheria hiyo, ila mtu fulani aliuongezea kifaa hicho baadaye. Kinaning'inia kwenye gata kama popo, na kama popo, hulala wenzake wanapofanya kazi.

Tuupime ukarimu huo. Kichwa kimoja cha aina yangu hutoa kama lita 6 hadi 10 kwa dakika. Chukua vile vitano vya barabarani, viache dakika kumi na tano, umepata ndoo ishirini na mbili kwa uchache, na maji yenyewe ni yale yale ya kunywa. Mama yangu alipokuja kututembelea kutoka Muheza, Tanzania, usiku wake wa pili aliyasikia yanachuruzika huko nje. Akatugongea mlango mmoja mmoja: “Amkeni, yametoka! Amkeni mkinge!” Nilipomkuta alikwisha kupanga ndoo mbili, sufuria la pilau na beseni la kuogeshea mtoto. Ni mtu pekee niliyemwona akiutumia mfumo huu kwa akili.

Sifikiri peke yangu kwamba kuna kinachomwagika. Shirika la mazingira la serikali ya Marekani linakadiria kuwa karibu asilimia 30 ya maji ya nyumba za nchi hii hutumika nje, na kwamba hadi nusu ya yale ya kumwagilia hupotelea kwenye upepo, mvuke na mitaro. Na ukoo wa mashine hizi ni ukoo wa heshima. Mwaka 1933 Orton Englehardt, mkulima wa michungwa wa Glendora, California, alibuni ile inayozunguka ikigongagonga, ili miti ipate maji sawasawa. Watu wakala machungwa. Majani yangu hayaliwi na mtu, wala na mbuzi, maana mbuzi tumekatazwa kufuga.

Hatuwezi kuisifu sprinkla tukamsahau fundi wake. Udongo wa Dallas ni mfinyanzi mweusi. Ukinywa unavimba, ukikauka unanywea na kupasuka, na katika kunywea huko huvunja mabomba, hata misingi ya nyumba. Ndiyo maana kuna watu huku ambao kiangazi huizungushia nyumba mpira wa maji na kuinywesha. Hili la kuinywesha nyumba sikumweleza Mama.

Kwa hiyo fundi hakosi kazi. Texas humpa leseni tangu 1979, na nambari yake imeandikwa ubavuni mwa gari. Kushuka garini ni dola 95. Akishuka, hupachika vibendera vya buluu penye kila kichwa, bustani ikafanana na sikukuu ya uhuru. Kisha huchuchumaa, hufunua valvu, hutikisa kichwa, na kuuliza swali lile lile ambalo fundi wa Kariakoo huuliza akiifungua feni yako: “Nani alikufungia hii?” Mwaka juzi jibu lilikuwa: wewe.

Hata hivyo simlaumu. Mara ya mwisho kanda ya nne ilikataa kuzima, akakuta chembe moja ya mchanga imekwama kwenye kiwambo cha valvu. Chembe moja. Bili ya maji ya mwezi ule niliisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimeketi. Nikaingia gerejini nikazima kisanduku chote, nikalala usingizi wa mtu aliyelipa deni.

Ilikuwa Julai, joto nyuzi 38, siku kwa siku. Baada ya wiki tatu majani yakageuka rangi ya mkeka. Ndipo ikaja barua ya chama cha wenye nyumba wa mtaa wetu. Ilisema kwamba nyasi zangu zimekufa, kwamba zinashusha hadhi ya mtaa, na kwamba nina siku kumi na nne kabla ya faini. Imeambatanishwa picha, imepigwa kutoka ndani ya gari.

Mama, aliyekuwa bado kwetu, aliniuliza imeandikwa nini, nikamsomea kwa Kiswahili. Akatoka, akachuchumaa, akang'oa shina moja, akaligeuza kiganjani kama anayepima nafaka sokoni.

“Huu si ukoka?”

Nikamwambia huku wanauita Bermuda.

“Ni ukoka, mwanangu. Na haujafa, umelala tu. Babu yako aliulima, akaufukua, akauchoma, na vuli ikinyesha ukawa wa kwanza kumwamkia kwenye mihogo yake. Mnaulipia maji ukoka?”

Mama amesema kweli. Mmea ni ule ule, Cynodon dactylon, wa kwetu Afrika. Aina ya Tifway iliyotapakaa kwenye bustani za kusini mwa Marekani ilitolewa huko Tifton, Georgia, mwaka 1960, nayo ni chotara wa ukoka na ndugu yake wa Afrika Kusini. Jua likizidi ukoka hujipumzisha, hukauka juu ukabaki hai chini, ukingoja mvua. Jiji nalo tangu 2012 linaruhusu kumwagilia siku mbili tu kwa wiki, na miezi ya joto si mchana. Mmea hauombi maji, jiji linasema tuyahurumie, na fundi ameniambia niipunguzie sprinkla saa.

Basi nani ana kiu?

Miaka sita niko mtaa huu. Nimeuguza, nimezaa, nimefiwa na baba nikiwa mbali naye. Hakuna mjumbe wa kamati ya chama kile aliyewahi kugonga mlango kuniuliza hali. Rangi ya majani yangu imeulizwa mara nne, kwa barua zenye muhuri.

Sheria ya Texas ya 2013 inavizuia vyama hivi kukataza mimea inayostahimili ukame, ingawa vinaweza kutaka kuona mpango kwanza. Nimepeleka mpango. Wameurudisha wakitaka mchoro wa rangi. Nimepeleka mchoro. Kamati hukutana kila baada ya miezi mitatu. Kwa sasa nimewasha tena kisanduku, na lami yangu inaendelea vizuri.

Kwa hiyo ndugu msomaji, ukihamia huku ukaambiwa nyumba ina sprinkla, usihangaike kuhesabu vichwa vyake. Uliza kamati ya mtaa ina vichwa vingapi, na vinatazama wapi.