Jinsi ya Kuifufua Raleigh ya Babu Bila Kuiua

Anza kwa kuiondoa nyundo. Mpe jirani, ifungie kabatini, ikibidi ipeleke Likasi. Baiskeli nyingi za zamani hapa Lubumbashi zilistahimili kutu, mvua na magunia ya makaa, zikaja kuuawa na mtu mmoja mwenye haraka, aliyenunua kipuri kisichoenea akaapa kwamba kitaenea.

Badala ya nyundo, shika rula yenye milimita, kisha nenda sokoni mtaa wa Kenya. Muuzaji atakuuliza tairi namba ngapi. Ukijibu "ishirini na nane" halafu ukanyamaza, umejitega mwenyewe, kwa sababu 28 si moja tu. Kinga ya babu, yaani ile baiskeli ndefu yenye breki za fito, huvaa 28 × 1½, na rimu yake hukaliwa na tairi la milimita 635. Ile 28 nyingine, ya baiskeli nyembamba za mbio na za mjini, ni 622. Milimita 13 zilizopungua hazipatikani kwa kuvuta, kwa sabuni wala kwa maombi. Soma ubavuni mwa tairi: ukiona 40-635, lipa, nenda nyumbani. Huna haja ya kuagiza Ulaya. Phoenix za China na Hero za India za mtindo huohuo zimeuweka ukubwa huu hai, na wanaoleta makaa mjini kwa baiskeli wanaujua kuliko mwenye duka. Msimamishe mmoja barabara ya Kipushi, umsalimu kwa heshima, umuulize wapi alinunua lake.

Mnyororo hautakusumbua: nusu inchi kwa moja ya nane, wa kiwanda chochote.

Penye kazi ni kwenye ekseli ya pedali. Mji huu ulipata reli kutoka kusini, upande wa Waingereza, mwaka 1910, ukatawaliwa na Wabelgiji hadi 1960, kwa hiyo vipimo vya Kiingereza na vya Kifaransa vyote vinaweza kulala katika sanduku moja la fundi. Vikombe vinavyoishika ekseli hiyo kwenye Raleigh ya Nottingham vina nyuzi 26 kwa inchi. Viwanda vingine vingi vya Uingereza viliweka 24. Wafaransa walitumia milimita. Kikombe kigeni kitaingia mizunguko miwili, kisha kitakaza. Simama hapo! Ukiendelea, unachonga fremu upya, na fremu ndiyo kitu pekee usichoweza kukinunua tena. Ushauri wangu ni huu: acha vikombe vya zamani mahali pake, vioshe kwa petroli, weka gololi mpya za robo inchi na grisi mpya. Mara nyingi ugonjwa ulikuwa hapo tu. Ikibidi kufungua cha kulia, kumbuka kinafunguka kwa kuzungusha kama saa.

Kisha kotapini, zile za kushika mikono ya pedali. Raleigh inataka za milimita 9.5. Atakayekuuzia za 9 na kukuongezea kipande cha kopo la sadini bure amekuuzia mkono uliolegea na tundu litakalotanuka kila siku. Kataa vyote viwili. Chukua pini nene kidogo, uipige tupa upande wake bapa, taratibu, mpaka mikono miwili isimame mstari mmoja. Pini mbili huelekea pande tofauti. Zikielekea upande mmoja, pedali zitakwenda kama mguu uliovunjika.

Kwa ufupi, kinachokatwa ni kipuri kipya, si baiskeli, na kile cha zamani ulichokitoa kitie mfukoni. Hata kitovu cha gia kilichochoka cha Sturmey-Archer kina mwaka uliochapwa juu yake, na gia zake zitaponya kingine.

Kwa hiyo wewe mwenye Raleigh iliyolala nyuma ya nyumba Katuba au Ruashi, mnunuzi wa vyuma chakavu akija na mizani yake, mwambie haiuzwi kwa kilo. Kama huitaki, mpe fundi kijana wa mtaani kwako, pamoja na rula.